Majani ya chini ya migomba yamekuwa manjano, ya juu ni kijani kibichi. Ning'oe?

MwanaWaChavakali

Wakulima, mulembe. Naomba msaada kabla sijafanya jambo la kujutia.

Nina migomba kama sitini hapa Vihiga, kuanzia nyuma ya jikoni kuteremka hadi karibu na kijito. Nusu ni miche ya maabara, Grand Nain na Williams, inaingia mwaka wa tatu. Nusu ni ile ya kienyeji aliyoiacha marehemu baba. Tangu mvua ndefu ianze kunyesha, majani ya chini ya hii ya maabara yamegeuka manjano. Na si manjano ya uzee tuliyoyazoea, jani likakauka polepole na kulala kwenye shina. Haya yameanzia katikati ya bapa la jani. Ukingoni kijani, kando ya uti kijani, hapo katikati manjano kama mtu kapitisha brashi. Vikonyo vina madoadoa ya zambarau. Lakini majani matano ya juu hayana neno, na jipya linafunguka vizuri tu.

Jirani amepita asubuhi akasema huo ni mnyauko ule wa Busia, ning'oe nifukie kabla haijavuka ua kuingia kwake. Mama naye ameanza kukata kila jani la manjano ampe ng'ombe. Mimi nimesimama na panga mkononi sijui nikate nini.

Mbolea: wakati wa kupanda niliweka samadi. Baada ya hapo DAP (ile mbolea ya fosforasi na amonia) kila msimu, na tangu mwaka juzi naongeza potashi, maana muuza duka aliniambia ndizi ni potasiamu tupu na haishibi. Jivu la jikoni pia huishia huko huko.

BodaWaBusia

Pole ndugu. Huku kwetu mnyauko ulipoingia 2006 ukitokea ng'ambo ya mpaka watu waliuchezea hivi hivi, wakisema ni jua, ni mbolea. Kwa mjomba hakukusalia hata mgomba wa kutolea jani la kufunikia chungu. Jirani yako ana haki ya kuogopa. Ng'oa.

Omogaka_Keumbu

Kijana, rudisha panga chini kwanza. Halafu lichukue tena, lakini kwa kazi nyingine.

Chagua mgomba mmoja wenye dalili mbaya kuliko yote. Kata shina lake, kisha kaa kwenye kigoda utazame mahali ulipokata kwa robo saa. Mnyauko wa bakteria hutoa ute wa manjano mzito, kama usaha wa jipu. Ukishauona hutausahau. Ukikuta nyuzi nyekundu za kahawia ndani ya shina na kwenye tunguu, lile bonge la chini ya udongo, hiyo ni Panama, nayo haina dawa. Ukikuta maganda meupe safi yanayotoa maji tu, mgomba wako una njaa.

Pia angalia mkungu. Mnyauko hukausha ua la chini, ndizi huiva kabla ya siku zake, moja huku moja kule, na ukizipasua ndani zina rangi ya kutu. Majani huanguka kama yaliyomwagiwa maji moto, yawe ya chini au ya juu. Wewe umesema jani jipya linafunguka vizuri. Hapo ndipo mimi nimeweka matumaini.

Na panga ulipitishe motoni kabla ya kugusa mgomba wa pili. Hata kama si mnyauko. Hiyo ni tabia, kama kunawa mikono.

MwanaWaChavakali

Asante mzee wangu. Nimekata mmoja. Nimekaa zaidi ya nusu saa kwa sababu nilikuwa na wasiwasi. Utomvu ni wa maji tu, umenichafua shati, na sasa mama anasema doa hilo nitazikwa nalo. Maganda ni meupe. Hakuna nyuzi za rangi, hakuna usaha. Mikungu miwili iliyopo ni midogo na ndizi zake nyembamba, lakini ni kijani kote, ndani nyeupe.

Basi ni njaa. Lakini njaa gani, na mimi ninanunua mbolea kila msimu?

MstaafuWaSubukia

Niliwahi kufanya kazi kwenye maabara ya udongo huku Nakuru, sasa niko kwenye migomba na maparachichi yangu. Nimesoma uzi nikatabasamu nilipofika kwenye "ndizi ni potasiamu tupu". Sentensi hiyo imeuza magunia mengi.

Tuanze na jani. Kabla ya kutaja jina la kirutubisho chochote, jiulize ni jani la juu linaloumwa au la chini. Kuna virutubisho vinavyohama na vingine vikishaingia kwenye jani vimeolewa humo humo, havirudi kwao. Kalsiamu haihami. Boroni na chuma vivyo hivyo, au kwa shida sana. Vikipungua, jani changa ndilo linalolia kwanza, kwa sababu la zamani lilishajichukulia chake na halirudishi. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama. Vikipungua, mgomba huenda kwa wazee, huwanyang'anya na kuwapelekea watoto. Ndiyo maana kwako chini ni manjano na juu ni kijani.

Mgomba una njia mbili za uchukuzi. Ya kwanza hupandisha maji na madini kutoka mizizini. Inavutwa na majani yenyewe: jua likiwaka majani hupoteza maji, na yanayopotea yanavuta mengine kutoka chini. Njia ya pili husambaza sukari inayopikwa kwenye jani, ikiipeleka mizizini, kwenye mkungu, kwenye jani linalochipuka, hata kwa chipukizi lililo ubavuni. Kalsiamu hupanda kwa njia ya kwanza tu na safari yake inaishia pale iliposhuka. Magnesiamu hupanda kwa ya kwanza, kisha inaweza kuabiri ya pili na kwenda kwingine.

Sasa, katikati ya kila molekuli ya klorofili mna atomu moja ya magnesiamu. Udongo ukishindwa kuleta mpya, mgomba huvunja klorofili ya jani la zamani, hutoa magnesiamu yake na kuipeleka kunakojengwa jani jipya. Kijani kinatoweka. Manjano uliyoyaona ni ghala lililofagiliwa.

Mbona nasema magnesiamu na si potasiamu, ilhali zote huhama? Njaa ya potasiamu hupeleka jani kwenye rangi ya chungwa, linakauka kuanzia ncha, linajikunja ndani, halafu uti unavunjika na jani kuning'inia. Naitrojeni hupausha jani lote bila ubaguzi, na vikonyo hupata uwaridi. Wewe umetaja katikati ya bapa manjano, ukingo na kando ya uti kijani, na kikonyo cha madoa ya zambarau. Hiyo ni magnesiamu. Wafaransa waliokuwa wakilima ndizi waliyaita madoa hayo "ya bluu", nao waliyakuta pale palipokuwa na potashi nyingi na magnesiamu kidogo.

Nifanyie kazi moja. Tafuta jani la manjano ambalo jingine limelilalia. Liinue utazame chini yake.

MwanaWaChavakali

Nimetoka shambani sasa hivi. Sijui wewe ni mganga au nini.

Nimepata jani moja lililokuwa limefunikwa na la mgomba wa pili. Nimeliinua, na chini yake kuna umbo la jani lile lile kwa kijani, limekatika safi kabisa, kama alama inayobaki ukutani ukiondoa kalenda ya mwaka jana. Pande zote mbili za alama ni manjano. Imekuwaje?

MstaafuWaSubukia

Nilitaka uione mwenyewe.

Magnesiamu ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Ndiyo inayosaidia kupakia sukari kwenye ile njia ya pili. Ikikosekana, sukari inapikwa lakini haisafirishwi, inarundikana kwenye jani. Jua linaendelea kuwaka, jani linaendelea kupokea mwanga ambao halina pa kuupeleka, mwishowe mwanga ule ule unaliunguza kijani chake. Palipokuwa na kivuli, mzigo ulikuwa mdogo, pakabaki kijani.

Na hapo ndipo ndizi zako nyembamba zinapotoka. Chakula kimepikwa, kimekwama jikoni, na mkungu unangoja mezani. Mizizi pia inangoja. Mizizi ikikonda inachota madini machache zaidi, na mambo yanazidi kuharibika.

Nyar_Ahero

Samahani kwa kuingilia wakubwa. Mimi nina migomba michache tu kando ya nyumba. Hiyo magnesiamu ndiyo magadi? Nina mfuko wa magadi hapa wa kupikia mboga, naweza kumwaga?

MstaafuWaSubukia

Dada, hapana kabisa! Majina yanafanana lakini si ndugu. Magadi ni chumvi ya sodiamu, yanatoka Ziwa Magadi. Ukiyamwaga kwenye mgomba utakuwa umeutia chumvi mizizini. Yabakie kwenye mboga kama osuga na mito.

Nyar_Ahero

Haya, nimerudisha mfuko kabatini 😂

Omogaka_Keumbu

Mstaafu amesema vizuri, lakini kuna jambo halijajibiwa. Kijana ameuliza mbona anaweka mbolea na bado kuna njaa. Mimi nilijifunza kwa hasara. Potashi ikizidi inaziba mlango wa mwenzake. Sina maneno ya maabara, ila nilijionea: mwaka niliomwaga potashi mara mbili ndio mwaka majani ya chini yalikuwa na rangi ya mahindi makavu.

MstaafuWaSubukia

Maneno ya maabara ni hayo hayo, mzee. Potasiamu ina mlango wake binafsi kwenye mzizi ambao magnesiamu haiwezi kupita. Magnesiamu ina mlango wa watu wote, ambao potasiamu, kalsiamu na amonia nazo hupita. Fikiria steji ya Luanda hapo Vihiga siku ya soko. Kuna mwenye gari lake, na bado anapanda matatu yako na jamaa zake kumi. Wewe huwezi kupanda gari lake. Kwa hivyo potasiamu nyingi huinyima magnesiamu nafasi, lakini magnesiamu nyingi haiisumbui potasiamu vile.

Ongeza udongo wenyewe. Vihiga na Kisii mna mvua nyingi, na maji yanaposhuka chini huondoka na magnesiamu. Udongo huwa chachu. Halafu kuna DAP kila msimu: amonia iliyo ndani yake, vijidudu vya udongo wanapoigeuza, huacha uchachu. Udongo ukichacha sana, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi. Mizizi mingi ya mgomba iko juu juu tu, kwenye sentimita thelathini au arubaini za kwanza, hapo hapo unapopiga jembe. Haiwezi kuchimbua zaidi kutafuta.

Usiniamini kwa mdomo tu. Peleka udongo upimwe. KALRO, wale wa utafiti wa kilimo, wako Kisii na Kakamega. Chota sehemu kumi hivi za shamba, uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, upeleke nusu kilo. Usichote pale ulipomwaga jivu jana. Ukitaka kupima na jani, chukua la tatu kutoka juu lililofunguka kabisa, ukate ukanda katikati yake, pande zote za uti.

BodaWaBusia

Nakubali nilikurupuka. Lakini bado nasema pitisha panga motoni.

MwanaWaChavakali

Wote nimewasikia, na panga limepitishwa motoni hadi mpini umeanza kunuka.

Sasa nisaidieni kesi ya nyumbani. Mama anasema jani la manjano ni uchafu, linanyonya nguvu za mgomba, akate ng'ombe ale. Ng'ombe wetu ni wa kufungiwa zizini. Anayakata yote hadi mgomba unabaki na majani matano kama mwavuli uliovunjika.

MstaafuWaSubukia

Mwambie mama, kwa heshima zote, jani la manjano nusu bado liko kazini. Lile la kijani lililobakia lina magnesiamu na naitrojeni ambayo bado inahamishwa kwenda juu. Akilikata leo anakata msafara ukiwa njiani. Na mgomba unapotoa mkungu unataka angalau majani manane yenye uhai ili kuujaza. Jani likauke lenyewe, ndipo likatwe na kutandazwa pale pale chini. Isipokuwa la ugonjwa wa madoa meusi, Sigatoka. Hilo liondoke mapema, lisipulizie mengine.

Omogaka_Keumbu

Na muulize mama swali langu: samadi ya huyo ng'ombe huenda wapi?

MwanaWaChavakali

...Kwenye nepia, nyasi za ng'ombe. Na kwenye mahindi ya mbele.

Omogaka_Keumbu

Ndiyo hiyo. Jani linatoka kwenye mgomba, linapita tumboni, linakwenda kwenye nepia. Shina la mgomba uliovunwa vile vile. Mkungu unakwenda soko la Kibuye, maganda yanabaki Kisumu. Unazungumza habari ya madini kuhama ndani ya mgomba, na yale yanayohama kwa wilbaro huyaoni.

Sisi zamani mgomba ulikuwa nyuma ya jikoni kwa sababu kila kitu kilirudi pale. Maji ya vyombo, maganda, jivu kidogo, samadi. Migomba ya baba yako ya kienyeji je, nayo ni manjano?

MwanaWaChavakali

Mzee umenipiga hapo. Ya baba iko karibu na jikoni na zizi, na ni kijani. Nilidhani ni kwa sababu ni ya kienyeji, imezoea shida. Haijawahi kupewa potashi hata kijiko. Mama huwa ananikataza, anasema hiyo ni ya mume wake.

SukariNdizi_Kakamega

Mimi naamini jivu lingemaliza haya yote. Bibi yangu hakujua chumvi za dukani na alikuwa na mikungu ya kubebwa na watu wawili.

MstaafuWaSubukia

Jivu lina kalsiamu nyingi sana, potasiamu ya kutosha, na magnesiamu kidogo. Linapunguza uchachu, hilo sikatai. Lakini kwa mtu ambaye tayari amejaza potasiamu, kumwaga jivu zaidi ni kuongeza abiria kwenye matatu ile ile. Bibi alimwaga jivu la chungu kimoja kwenye mashina matano, pamoja na samadi. Huyu ana sitini na gunia la potashi.

MwanaWaChavakali

Wiki tatu baadaye. Majibu ya udongo yamekuja. Uchachu pH 4.9. Potasiamu: juu. Magnesiamu: chini. Kalsiamu: chini kiasi. Nimeyasoma nikiwa nimesimama barabarani nikacheka peke yangu, watu wakanitazama.

Nifanye nini, na nianzie wapi?

MstaafuWaSubukia

Potashi isimamishwe. DAP isimamishwe.

Dawa ya haraka ni chumvi ya Epsom, salfeti ya magnesiamu. Kila kilo mia ina kama kilo kumi za magnesiamu. Yeyusha gramu 200 hadi 400 kwenye bomba la lita 20 na upulizie majani jioni jua likiwa limepoa. Anza na kipimo cha chini. Tia tone la sabuni ya maji, maana jani la mgomba lina nta na maji huteleza. Rudia baada ya wiki mbili, mara tatu hivi. Pia nyunyiza konzi moja kuzunguka kila shina, mbali kidogo na shina lenyewe, udongo ukiwa na unyevu lakini si siku ya mvua kubwa.

Dawa ya kudumu ni chokaa. Hapa soma mfuko kwa macho mawili! Kuna chokaa ya kalsiamu tupu na kuna ya dolomiti, yenye kalsiamu na magnesiamu pamoja. Wewe unataka dolomiti. Ukiweka ya kalsiamu tupu utapunguza uchachu lakini utakuwa umemletea magnesiamu mshindani mwingine mlangoni. Kiasi fuata karatasi ya maabara. Chokaa ni ya miezi, usiitazamie kesho.

Na jambo la mwisho, watu wengi hukata tamaa hapa: majani yaliyokwisha kuwa manjano hayatarudi kijani. Usiyahesabu. Chukua kamba nyekundu ufunge jani la juu kabisa leo. Yatazame yatakayozaliwa baada ya hapo yakishazeeka.

MwanaWaChavakali

Duka la kwanza walinipa chokaa wakasema "yote ni chokaa". Mfuko haukuandikwa hata neno magnesiamu. Nimerudisha. Nimepata dolomiti duka la tatu. Kamba nyekundu sikuwa nayo, nimetumia riboni ya sare ya binti yangu. Shule wamemuuliza.

MwanaWaChavakali

Miezi minne imepita, narudi kama nilivyoahidi.

Lenye riboni sasa ni la chini. Lina manjano kidogo ukingoni, ya uzee, yale ya kawaida. Yaliyozaliwa baada yake ni kijani hadi chini, na vikonyo vyake havina zambarau, isipokuwa migomba mitano sita karibu na kijito ambapo udongo ni wa mchanga zaidi. Hiyo nimeipulizia tena. Ng'ombe bado anakula, lakini mashina machache tu, na samadi yake wilbaro moja kati ya mbili inateremka kwenye migomba. Mama amekubali baada ya majadiliano marefu.

Swali moja: nimevuna mkungu wa kwanza mzuri jana. Jirani anasema nikate shina hadi chini kabisa, wasije fukuzi, wale wadudu wa migomba.

Omogaka_Keumbu

Usikate hadi chini sasa. Acha kimo cha mtu au zaidi. Shina hilo limejaa maji na madini, na liko tunguu moja na mtoto wake. Linamnyonyesha. Likishanyauka lenyewe, hapo likate, ulipasue vipande vipande na kuvitandaza vikauke, fukuzi asipate pa kulala.

MwanaWaChavakali

Nimeacha kimo changu. Jirani amepita akauliza kama ninapandisha bendera. Mtoto wake ubavuni ana majani saba. Mama naye ameshafunga kamba ya kuanikia nguo kutoka kwenye shina hilo hadi kwenye mparachichi, na lile shati langu la doa ndilo la kwanza kuning'inia.